Moto wa Shingoni

Mama yangu hajawahi kukubali maji ya moto. Tulipopata kazi, sisi watoto wake tulimfungia hita bafuni, akaigeuza mahali pa kuanikia taulo. Kila asubuhi, hata Julai ukungu unapokaa juu ya migomba mpaka saa nne na Kirua nzima, kijijini kwetu mlimani, inanuka moshi wa kuni, yeye huteka ndoo kwenye mfongo, ule mfereji unaoshusha maji kutoka msituni, huoga, huvaa gauni jepesi na kwenda kukata majani ya ng'ombe. Ukimwambia atapata nimonia anakuangalia kana kwamba umemtukana. Mimi naishi Moshi mjini, huko chini kwenye joto. Nikilala kwake mwezi huo navaa soksi mbilimbili na bado nakesha nimejikunja.

Nimeanza na baridi kwa sababu bila baridi hiyo nisingepata ile wiki mbaya kuliko zote maishani mwangu.

Mwaka uliotangulia wiki hiyo mama aliota kijivimbe shingoni. Kilianza kidogo kama tunda la kahawa, kikapata wenzake. Hospitalini Moshi walikata kipande, wakapima, wakatuambia ni saratani ya tezi za limfu, zile zile ambazo mtu akiwa na kidonda mguuni huvimba kinenani tukaziita mitoki. Akawekewa dripu za dawa miezi mingi. Nywele zikapukutika, ulimi ukakosa ladha, akafika mahali pa kusukuma mbali hata sahani ya kiburu, yeye ambaye ndizi na maharage ndio uhai wake. Lakini uvimbe ukanywea, ukaisha. Daktari wake, dada mmoja mpole mdogo kwangu kwa umri, akasema sasa anataka picha moja ya mwisho, ya kuonyesha kama ndani kumebaki masalia. Picha hiyo ilibidi ikapigwe Dar es Salaam.

Mdogo wangu wa kiume anakaa Dar, ndiye aliyempokea na kumpeleka. Mimi ni mwalimu wa baiolojia sekondari na mitihani ilikuwa mlangoni, nikabaki. Niliwaeleza wote wawili jinsi kipimo kilivyo, maana kueleza ndiyo kazi yangu. Unachomwa sindano ya sukari iliyotiwa mionzi kidogo, unalala umetulia wakati sukari inasambaa mwilini, halafu mashine inapiga picha ya kule sukari ilikokwenda. Mahali palipokula sukari nyingi panawaka. Mama akauliza kama sukari yenyewe ni tamu. Nikamwambia haipiti mdomoni, akaona ni hasara.

Siku chache baadaye nilikuwa katika chumba cha walimu, rundo la madaftari mbele yangu, simu ikalia. Mdogo wangu alikuwa ametuma picha na maneno machache: "Dada, majibu haya hapa. Mimi sielewi, nieleze."

Mwili wa mama ulikuwa wa kijivu. Ubongo ulikuwa umewaka, hilo nililitegemea, ubongo ni mlaji wa sukari usiku na mchana. Kibofu kimewaka, ni kawaida vilevile. Lakini shingo ilikuwa imewaka pande zote mbili. Juu ya mitulinga palikuwa na mabonge ya mwanga, na kandokando ya uti wa mgongo vidoa vimejipanga kama shanga. Ugonjwa ulikuwa umeanzia shingoni, nami nilikuwa nimeishika shingo hiyo kwa vidole vyangu nikihesabu vivimbe. Nilimjibu mdogo wangu kwamba tusubiri daktari, picha hizi zina mambo mengi. Nilimdanganya. Nilikuwa nimeshamzika mama yangu pale pale juu ya madaftari.

Afadhali ningekuwa mwalimu wa historia. Ujuzi wangu ulikuwa ule wa kutosha kunitesa. Nilijua kwa nini saratani huwaka kwenye picha ile. Seli zetu nyingi zina vijumba vidogo viitwavyo mitokondria, na humo ndimo chakula kinapochomwa polepole kwa hewa ya oksijeni mpaka nguvu yake itoke karibu yote. Seli nyingi za saratani huichukua sukari kwa pupa, zikaiunguza nusunusu na kuiacha, zikaomba nyingine, kwa kuwa haja yao kubwa ni malighafi ya kujijenga na kuzaana. Ni kama jiko la kuni mbichi, linameza mzigo mzima na chungu bado hakijachemka. Kwa hiyo nilipoona mwanga shingoni, niliona ulafi. Sikuona kitu kingine.

Na wiki hiyo, kwa bahati yangu, ratiba ilikuwa imefika kwenye mada hiyo hiyo. Nilisimama ubaoni nikachora mitokondria kama nilivyochora miaka yote, umbo la punje ya haragwe na mikunjo ndani, na mistari ikapotoka ikatoka nje. Wanafunzi wakacheka kwamba haragwe la leo lina miguu. Niliwafokea kwa kosa ambalo halikuwepo. Nina hasira za karibu, hilo shule nzima inajua, lakini siku hiyo hata mimi niliishangaa sauti yangu.

Jumamosi nikapanda Kirua. Mama alikuwa amerudi kutoka Dar na malalamiko gunia zima. Joto la Dar, mbu wa Dar, ndizi za Dar ambazo kwa maelezo yake zimevundikwa na watu wasiomcha Mungu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda jikoni, mwembamba kama kawaida yake, nywele mpya zimeanza kuota, laini kama za mtoto. Nikachukua kisu nikamenya ndizi. Sikuweza kuongea. Kila mara macho yangu yalikwenda shingoni kwake.

"Mbona unaniangalia shingo kama mnunuzi wa ng'ombe?" akauliza.

Nikasema nimechoka na mitihani. Akamimina chai, akanipa yangu, akanywa yake, na nikaona hajatia sukari. Kumbe mdogo wangu alikuwa amesoma kwenye simu kwamba sukari inalisha saratani, akampiga marufuku. Mama ambaye alishinda vita vya hita alikuwa amekubali bila neno. Kila funda lilimkunja uso. Nilitaka kumwambia aongeze sukari, lakini niliikumbuka ile picha nikaogopa. Na kama mdogo wangu alikuwa na ukweli? Nikamwangalia tu, naye akaimaliza.

Siku ya kliniki nilimshika mkono kuanzia getini mpaka chumba cha daktari, akaniuliza kama nadhani amesahau kutembea.

"Shikamoo, mama," daktari alisema.

"Marahaba, mwanangu. Haya, nisomee kesi yangu."

Daktari alikuwa na picha kwenye kompyuta. Aliitazama kwa muda mrefu, akaikuza, akaigeuza upande, akarudi shingoni. Mimi nilikuwa naangalia uso wake, si kompyuta.

"Mama," akasema, "siku ile ya kipimo, ulisikia baridi?"

"Baridi? Dar?" Mama akacheka. "Dar nilikuwa nachemka kama supu ya mtori. Ila pale hospitali, Mungu awabariki, wana ile mashine ya upepo ukutani."

"Ulikaa karibu nayo?"

"Chini yake kabisa. Waliponichoma sindano wakaniambia nilale nitulie. Wenzangu wote wamejifunika gubigubi, utasema maiti. Mimi nikaomba kile kitanda cha chini ya upepo, hakuna aliyekuwa anakitaka. Blanketi nikalikunja nikaweka chini ya kichwa. Yule nesi akaja kunifunika, nikamwambia mimi ni mtu wa mlimani, awape wenye shida. Akanifunika hivyo hivyo. Alipotoka nikalitoa."

"Ukakaa hivyo mpaka wakakuita?"

"Nilipata na kausingizi. Nilisikia niko kwangu."

Daktari akaziba mdomo kwa mkono. Nilidhani anatafuta namna ya kutupa habari mbaya. Kumbe alikuwa anazuia kicheko.

"Mwalimu," akanigeukia, "mafuta ya kahawia unayafahamu?"

Nilikuwa nayafahamu, na hapo ndipo nilipotaka kujipiga kofi. Ninafundisha kila mwaka kwamba watoto wachanga wana mafuta ya rangi ya kahawia mgongoni na shingoni yanayowakinga na baridi. Kitabu changu cha zamani kiliyaacha kwa watoto wachanga, nami nikayaacha huko huko. Daktari akatueleza kwamba watu wazima wengine wanabaki nayo, zaidi wanawake, zaidi wembamba, zaidi walioishi kwenye baridi, na hukaa mahali hapa hapa: shingoni, juu ya mitulinga, kandokando ya uti wa mgongo. Rangi yake ya kahawia inatokana na mitokondria zilizosongamana humo, kwa sababu zina madini ya chuma. Lakini mitokondria za mafuta hayo zina tabia yao. Hazichomi chakula ili kuweka akiba ya nguvu. Mwili ukipigwa baridi zinaamka, zinachoma mafuta na sukari, na vyote vinageuka joto.

"Ni sawa na kuwasha kuni za kuota tu," nikasema, "hujateleka chochote."

"Hivyo hivyo. Na picha haijui kutofautisha. Inaona tu nani amekula sukari."

Mama alikuwa ametusikiliza kwa makini. "Kwa hiyo huo moto ni wangu mwenyewe?"

"Nadhani ni wako, mama. Namna vilivyokaa sawasawa pande zote mbili inanipa moyo. Lakini siwezi kukuapia. Ugonjwa wako ulikuwa hapo hapo, na moto mmoja unaweza kuficha mwingine. Tutarudia picha ukiwa na joto la kutosha. Kama ni mafuta, yatazimika. Kama ni ugonjwa, hautajali blanketi."

Nilishusha pumzi, lakini nusu tu. Nusu nyingine niliibakiza kwa ajili ya sentensi ile ya mwisho.

Tulipokuwa tunaaga, mama akauliza kuhusu chai. Daktari akashangaa nani kamkataza sukari. "Yule wa Dar," mama akasema. Daktari akamweleza taratibu kwamba mwili hauwezi kukosa sukari hata usipoila, utaitengeneza wenyewe, ukikosa pengine utabomoa hata nyama za misuli yako. "Tukikunyima chakula, mama, tutakukondesha wewe, ugonjwa tusiuone umekonda. Kula vizuri. Chai tia kijiko chako."

"Wa kunyimwa ni huyu," mama akasema, akininyooshea kidole. "Amepimwa hospitali ya Mawenzi, sukari imepanda."

Nilitamani ardhi ipasuke. Ni kweli nilikuwa nimeambiwa niko mlangoni mwa kisukari, na nilimwambia mama kwa siri. Daktari hakunisema. Alinieleza kwamba yangu ni kesi nyingine kwenye jiko lile lile. Mtu anayekaa sana na kula kuliko anavyotumia huzijaza seli zake kuni mpaka jiko halipumui, mitokondria zinazidiwa, sukari inabaki damuni ikizurura. Dawa ya kwanza ni kulipatia jiko kazi. "Panda kwa mama kwa miguu," akasema. Mama alifurahi kupita kiasi.

Safari ya pili nilimpeleka mwenyewe. Niliomba ruhusa shuleni na nikaamua kwamba mama huyu hatanipiga chenga. Alivaa sweta mbili, soksi za sufu na kofia ya kusuka, na kwenye basi abiria walimpisha wakidhani ana homa kali. Siku moja kabla ya kipimo tuliagizwa asile vyakula vya wanga, ale nyama, mayai na mboga za majani, ili mwili uchome mafuta kuliko sukari. "Siku nzima bila ndizi?" akasema. "Nimekosa nini?" Mdogo wangu alizima feni zote nyumbani kwake. Sebule ikawa tanuri. Tulikaa tumezunguka sahani ya mayai, jasho linatutiririka, na mama katikati amefungwa blanketi akituangalia mmoja mmoja kwa hasira.

Baada ya sindano sikuruhusiwa kuwa karibu naye, kwa sababu ya mionzi. Nilimvuta nesi pembeni nikamwambia, "Dada, naomba sana, msimwamini huyu mama." Akacheka, akasema daktari wetu ameshapiga simu, wamemwandalia chumba kisichowashwa kiyoyozi na mablanketi mawili. Nikarudi kukaa kwenye benchi la kusubiria. Juu ya kichwa changu kulikuwa na kiyoyozi kinachopuliza kama jokofu lililoachwa wazi, na mabenchi mengine yote yamejaa. Nilitetemeka pale mpaka alipotoka. Nilijisemea kwamba kama nami ninayo mafuta hayo, basi yaamke, yakaile sukari yangu.

Majibu yalitumwa Moshi. Tuliingia kwa daktari tena, na safari hii nilikuwa sijamshika mama mkono, yeye ndiye aliyenishika. Daktari hakutuzungusha. Alifungua picha mbili, moja kando ya nyingine. Ya kwanza ilikuwa ile ya shanga za mwanga. Ya pili, ubongo umewaka, kibofu kimewaka, na shingo ya mama yangu ilikuwa ya kijivu tupu. Mgongo, kijivu. Juu ya mitulinga hapakuwa na kitu.

"Yamezimika yote," daktari akasema. "Na chini yake hakuna ugonjwa uliojificha. Tutaendelea kukuita kliniki, mama, lakini leo umeshinda."

Nililia. Si yale machozi ya heshima ya kupangusa kwa kidole. Nililia kwa sauti, kamasi zikanitoka, watu wa koridoni wakanyamaza wakidhani tumefiwa. Nilikuwa na furaha ambayo sikujua niiweke wapi. Mama alinipigapiga mgongoni akamwambia daktari, "Msamehe, amesoma sana."

Tulipanda Kirua jioni hiyo hiyo. Ukungu ulikuwa umeshashuka mpaka usawa wa paa na migomba inadondosha maji. Kabla sijaweka mkoba chini, mama alivua kofia, akavua sweta ya kwanza, akavua ya pili, akazitupa zote kwenye kochi. Akabeba kikombe chake cha chai, akaenda kukaa kwenye benchi la nje kando ya mlango wa jiko, na gauni lake jepesi. Nilimfuata na blanketi kwa mazoea. Akalisukuma.

"Acha," akasema. "Acha niusikie moto wangu."

Nikakaa kando yake. Ng'ombe alikuwa anatafuna bandani, na kutoka jikoni kuni zilikuwa zinapasuka. Nilimwona akichota sukari kijiko kimoja, akafikiri, akaongeza cha pili, akakoroga taratibu sana. Ndipo nikamuuliza jambo lililokuwa linanisumbua. Yeye ambaye hatujawahi kumweza kwa hita, kwa sweta wala kwa daktari, ilikuwaje akamtii mdogo wangu kwenye sukari?

Alipuliza chai.

"Siku ile ulipokuja ukamenya ndizi bila kuongea," akasema, "nilijua umeona kitu. Wewe huwezi kumenya ndizi tatu hujagombana na mtu. Nikasema basi, ninaondoka. Sasa yule ananikataza sukari, wewe unaniangalia tu. Nikaona kama chai chungu ndiyo inayowapa nafuu, nitainywa. Ili nikishakwenda mjue mmefanya kila kitu, msije mkalaumiana."

Wiki ile nzima nilidhani nimembeba yeye. Nikaivua sweta yangu, nikaiweka magotini, baridi ikanipenya mpaka kwenye mbavu.

"Vaa, utaumwa," akasema.

Nikamwambia nami natafuta moto wangu. Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Tukakaa bega kwa bega, bega lake la moto na langu la barafu, meno yakinigongana, na baadaye akanisogezea kile kikombe nipashe mikono. Nikapiga funda moja. Chai ilikuwa tamu kupita kiasi, na ni mimi niliyekatazwa, lakini nikapiga la pili.